Kufanya gari ya kila siku ishike barabara: anza na raba, shokapu baadaye

Watu wengi gari ikianza kuyumba kwenye kona, swali la kwanza ni springi fupi zinauzwa wapi. Mi nawaambia ngoja kwanza. Gari yangu ni Premio ya 2004, inavutwa na tairi za mbele, kila asubuhi inatoka Bombo inashuka Matugga, Kawempe, Bwaise mpaka mjini Kampala na jioni inarudi, kwenda na kurudi kama kilomita 70, na humo ndani kuna lami nzuri, lami iliyooza, matuta yasiyo na rangi, mashimo ya msimu wa mvua, alafu mwisho kabisa kipande cha maramu, barabara ya udongo, cha kufika nyumbani. Nimeitengeneza chini yote kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili na kuna sehemu mbili tatu nimechoma hela bure kabisa, wewe huna sababu ya kuzichoma pale pale nilipochomea mimi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba Premio ilipotoka kiwandani ilikuwa inashika kona vizuri tu. Sheria ya 2018 inakataza kuingiza Uganda gari iliyofikisha miaka 15 tangu itengenezwe, sawa, lakini ya miaka 12 au 13 inaruhusiwa kuingia, alafu tunaiendesha hapa miaka mingine kumi na raba zile zile za Japani ziko chini, yaani bushi za mpira zinazoshika miguu ya gari, sio tairi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya huko kuyumba ni raba zilizokufa, na ukifunga shokapu za bei mbaya juu ya raba zilizokufa ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye ufa. Mpangilio wa kazi ndo kila kitu hapa: upepo, raba, shokapu, stabilaiza (chuma kinachozuia gari isilale kwenye kona) kama unataka, na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) mwisho. Ukiupindua utalipa mara mbili.

Kabla ya kugusa spana: pima

Chagua kipande kimoja cha barabara unachopita kila siku, chenye kona moja, tuta moja na sehemu moja ya lami iliyochakaa. Pita kwa mwendo wako wa kawaida, usijifanye uko kwenye mashindano ya rali, na andika kwenye simu: gari inavuta upande gani, ukikanyaga breki inaenda wapi, ukishuka kwenye tuta inanesa mara ngapi kabla ya kutulia, mlio unatoka kona gani ya gari.

Alafu chukua tepu, gari iwe kwenye sakafu tambarare bila mizigo, pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, moja kwa moja juu, tairi zote nne. Andika namba kwa milimita. Unaweza kuona ni mchezo, ila hizi namba nne utazihitaji sana huko mbele, usizipoteze.

Upepo, na tairi kwa ujumla

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika. Gari za Japani zinaandika kwa kPa, mfano 220, hiyo ni kama psi 32. Jaza hivyo asubuhi gari ikiwa imepoa, maana tairi ikishapata joto la barabarani upepo unapanda na utasoma uongo. Vijana wengi wa petroli stesheni hapa ukiwaacha wanajaza 40 kwa moyo safi kabisa, wanadhani wanakusaidia, na gari inakuwa inarukaruka kama mbuzi alafu unasingizia shokapu.

Angalia pia umri wa tairi ubavuni, zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye miaka tisa inaweza kuwa na kashata nzuri na bado kwenye lami yenye maji ikateleza kama sabuni, raba imeshakauka. Pitisha kiganja juu ya tairi kuizunguka, ukisikia mabonde na vilima shokapu ya upande huo inawezekana haifanyi kazi tena. Kama imeliwa upande wa ndani tu, hiyo ni alaimenti au bushi.

Lakini tairi mpya usinunue sasa! Ukizifunga kabla chini hakujanyooka zitaliwa ndani ya miezi michache. Weka hela pembeni.

Na kuhusu rimu kubwa, tufanye hesabu kidogo. Tairi ya 195/65R15 ina ubavu wa milimita 127 hivi. Ukienda 205/55R16 duara la nje linabaki karibu lile lile ila ubavu unashuka mpaka 113, na 215/45R17 unabaki na 97. Ubavu mfupi unafanya usukani ujibu haraka, ni kweli, ila ule ubavu ndo mto wako kwenye shimo. Kwa barabara zetu mi nimesimama 15, mtu mwenye hamu sana aende 16, wa 17 namuombea heri.

Kutafuta raba iliyokufa

Hapa ndo penye kazi yenyewe, na hapa ndo nilipochoma hela mara ya kwanza.

Gari yangu ilikuwa inagonga mbele kushoto, tok tok tok, kwenye ile lami mbovu ukitembea polepole. Mafundi watatu kwenye gereji tatu wakaniambia shokapu bila hata kulala chini. Nikanunua za mbele mbili, zikafungwa, nikatoka getini na kabla sijafika lami kuu, tok tok tok. Fundi wa nne alikuwa mzee mmoja ana meza yake chini ya mwembe, hakugusa jeki. Akaacha gari imekaa kwenye tairi zake, akamwambia kijana wake aitikise kwa kuibonyeza fenda, yeye akaingia chini na kushika sehemu moja moja kwa vidole viwili kama daktari anatafuta mapigo ya moyo. Akaniita, "Mwanangu, leta kidole hapa." Nikaweka kidole kwenye kichwa cha linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachoiunga na mguu wa gari, na nikausikia ule mlio kabla masikio hayajausikia. Linki yenyewe bei yake haifiki hata robo ya shokapu moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Linki za stabilaiza zichunguze kama mzee alivyofanya, gari ikiwa chini, sio imening'inia. Alafu inua mbele kwa jeki na weka stendi za chuma, sio mawe na sio rimu kuukuu, nimeshaona mtu amelala chini ya gari iliyosimama kwenye tofali na sikuweza kuangalia. Shika tairi juu na chini uitikise: ikicheza ni beringi ya tairi au boli jointi, kiungo cha chini cha mguu. Shika kushoto na kulia: ikicheza ni tai rodi endi au ndani ya stelingi reki, yaani viungo vya usukani. Kisha chukua mtaimbo mdogo uusukume kati ya amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi) na chesisi, hasa kwenye bushi kubwa ya nyuma ya amu, hiyo ndo inayobeba mzigo wa breki. Nyufa ndogo za juu juu sio shida. Raba iliyoachana na chuma chake, au inayoruhusu amu itembee waziwazi, imekwisha. Dalili yake barabarani: ukikanyaga breki gari inavuta upande mmoja, ukikanyaga mafuta inarudi upande mwingine, na usukani unakuwa kazi ya kurekebisha kila mita kumi.

Fungua boneti pia, weka kiganja juu ya kichwa cha shokapu mtu mwingine akizungusha usukani. Ukisikia springi inaruka kwa kishindo badala ya kuzunguka taratibu, mauntingi ya juu au beringi yake imekufa.

Nyuma, Premio kama yangu ina ekseli ya bomba moja ambayo inajisokota yenyewe, na imeshikwa na bushi mbili kubwa. Zikichoka, katikati ya kona unasikia kiuno cha gari kinahama kidogo kama kimeamua njia yake, watu wengi wanaishi na hiyo miaka wakidhani ni upepo wa malori.

Kubadilisha bushi, na kosa lililonigharimu

Nunua raba za kawaida zenye ubora, za jina linalojulikana au za kampuni ya gari. Kuna za poliyurethani, ngumu, zinafanya usukani uwe mkali sana, ila zinaleta mtetemo ndani na nyingine zinalia kama mlango wa zamani ukizisahau grisi. Kwa gari ya kwenda kazini mi ningeziweka kwenye bushi za stabilaiza tu. Zile zinazochongwa kutoka tairi kuukuu kando ya barabara, hapana, hata kwa dharura ya siku mbili utajuta.

Sasa sikiliza hili vizuri maana mafundi wengi hawalifanyi. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, inajisokota na kurudi. Ukikaza bolti yake gari ikiwa juu ya jeki na mguu umening'inia, raba inajifunga katika hali ile ya kuning'inia, ukishusha gari inakaa imesokotwa mchana na usiku hata gari ikiwa imepaki. Kila shimo linaisokota zaidi. Zangu za kwanza zilikazwa hivyo na fundi mwenye haraka, mpya kabisa, zikachanika ndani ya miezi mitano, na nikarudi kununua nyingine huku namlaumu muuzaji ambaye wala hakuwa na kosa.

Dawa yake: ingiza bolti zote lakini usikaze mpaka mwisho. Weka jeki ya pili chini ya amu, karibu na boli jointi, pandisha polepole mpaka umbali wa katikati ya hub (kitovu cha tairi) na ukingo wa fenda ufikie ile namba uliyoandika siku ya kwanza. Hapo ndo ukaze. Nilikwambia usizipoteze hizo namba. Na nyuma kwenye ekseli ni vile vile.

Shokapu na springi

Springi inabeba gari, shokapu inazuia springi isiendelee kucheza. Ndo maana shokapu iliyokufa haishushi gari, inaifanya inese. Mafuta yaliyolowesha mwili wa shokapu mpaka vumbi likaganda ni ushahidi tosha. Ile ya kubonyeza bampa inaonyesha iliyokufa kabisa tu, iliyochoka nusu inapita mtihani huo bila wasiwasi.

Kwa matumizi ya kila siku nunua zenye ugumu wa kiwandani au ngazi moja juu. Kwa KYB, Excel-G iko karibu na ya kiwandani, na zile za bluu za New SR Special ni ngumu zaidi kidogo. Bilstein wana B4 ya kawaida, B6 ngumu kwa urefu ule ule wa gari, na B8 ni ya gari iliyoshushwa, usiichukue kwa kudhani namba kubwa ndo bora. Ukienda kutafuta spea mjini, soko la Kisekka au popote, nenda na namba ya chesisi na shokapu ya zamani mkononi mlinganishe, na uwe na wasiwasi na bei ikiwa tamu sana, kuna duka moja liliniuzia boksi zuri kabisa lenye kitu kisichokuwa kile kilichoandikwa juu, wiki chache tu mafuta yanavuja. Ukinunua mtumba, isimamishe wima ubonyeze fimbo mpaka chini: iende kwa uzito ule ule njia nzima. Ikipata sehemu inayoteleza bure, rudisha. Ya gesi nzima inarudi juu yenyewe taratibu.

Badilisha mbili mbili kwa ekseli, kamwe moja. Na pamoja nazo mauntingi ya juu, stopa ya raba (inayozuia shokapu isigonge mwisho) na kava ya vumbi, maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Kwenye kufungua, mambo machache ya kushika. Kabla ya kulegeza bolti mbili za chini zinazoshika shokapu na hub, chora mstari kwa rangi ili ukirudisha ukae karibu na pale pale. Kalipa ya breki ifunge kwa waya kwenye springi au chesisi, isining'inie kwenye hozi. Nati ya juu kabisa ya katikati haiguswi mpaka springi imebanwa kwa klempu mbili, moja kila upande, zimekazwa kwa zamu mpaka springi inacheza kwenye viti vyake. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya, sio utani. Na fimbo ya shokapu, ile yenye kromu, usiishike kwa plaisi kuizuia isizunguke, mkwaruzo mdogo tu na sili inaanza kuvuja.

Shokapu mpya kabla hujaifunga isimamishe wima uipampu mara nne tano mpaka chini na juu, kwenye boksi ilikuwa imelala na hewa imeingia pasipofaa.

Springi zenyewe, angalia namba zako: kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya milimita 10 kuna iliyolala au iliyokatika, badilisha zote mbili. Kuzikata kwa grainda ili gari ikae chini, au kuzichoma kwa moto zilale, kuna gereji zinafanya na zinajivunia. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu na fupi kwa wakati mmoja, haikai sawa kwenye kiti chake, na safari ya shokapu inaisha haraka. Ukitoka Masaka na watu wanne na mikungu mitatu ya matoke nyuma, gari inatembelea stopa njia nzima, na gari inayotembelea stopa kwenye kona haina suspenshoni, ina gogo. Ukitaka kushusha kweli, springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, milimita 20 hadi 30, na shokapu fupi zake.

Upande wa pili kuna wa speisa (vipande vya kuongeza urefu juu ya springi), wanaopandisha ili wasigonge chini. Nawaelewa kabisa, nyumbani kwangu mvua ikinyesha natamani. Ila jua kwamba unapandisha uzito wote juu na drive shafti inayozungusha tairi inakaa kwa pembe mbaya, buti zake za mpira zinachanika mapema. Haiendi pamoja na kutaka kona nzuri, chagua moja.

Stabilaiza nene, kwa wanaotaka zaidi

Hadi hapa wengi wataridhika. Kama bado gari inalala sana kwenye kona, chuma cha stabilaiza kinene zaidi ndo kitu chenye faida kubwa bila kuharibu ulaini kwenye tuta, kwa sababu tuta likiinua tairi zote mbili kwa pamoja stabilaiza haifanyi kazi. Ugumu wake unapanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne: kutoka milimita 20 kwenda 22 unaonekana mdogo, kumbe ugumu unaongezeka karibu asilimia 46. Gari inayovutwa na mbele pua yake inapenda kutoka nje ya kona, kukaza nyuma kunaipunguzia hiyo tabia.

Kwa Premio ya ekseli ya bomba hakuna mengi ya kufanya. Wenye Subaru ndo wanakula raha, za nyuma nene za gari za ndugu zake zinaingia kwenye nyingi. Rafiki yangu kafunga kwenye Forester yake, kwenye lami inakamata kama imenatishwa, lakini kwenye maramu yenye matope mkia unataka kuja mbele, akajifunza kupunguza kabla ya kona na sio ndani ya kona.

Alaimenti

Mwisho kabisa, maana kila ulichogusa juu kimeivuruga. Nenda kwenye mashine ya kompyuta, tairi mpya ukizinunua leo ndo siku yake, upepo sawa, buti tupu. Simama pale pale uangalie, na dai karatasi ya kabla na baada. Vitu vya kusoma: too, yaani kama tairi zinaangaliana kwa mbele au zinakimbiana. Kwa gari ya kila siku ziwe sambamba au ziangaliane kidogo, jumla isizidi milimita 2. Zikikimbiana gari inatangatanga kwenye barabara ndefu. Kemba, mlalo wa tairi, kushoto na kulia zisipishane zaidi ya nusu digrii. Ukiambiwa "kemba ya gari hii hairekebishiki" inaweza kuwa kweli, lakini kama upande mmoja umepishana sana kuna kitu kimepinda, amu au hub, na alaimenti haitaficha. Usukani uwe katikati ukienda moja kwa moja. Ukiwa umepinda, usiondoke.

Nati za rimu za Toyota ya namna hii ni Nm 103 kwa spana ya toki. Wanaokaza kwa bunduki ya upepo mpaka inanyamaza wananyoosha stadi (bolti zinazoshika rimu), siku ya pancha usiku hutaifungua kwa spana ya kwenye buti.

Baada ya kama kilomita 1000 rudi chini ukaze tena bolti zote ulizogusa, gari ikiwa kwenye tairi zake, na upime tena zile namba nne, springi mpya zinashuka kidogo na alaimenti inaweza kuhitaji kurudiwa.

Yangu sasa ikishuka kwenye tuta inanesa mara moja na kutulia, breki haivuti, na usukani naushika kwa mkono mmoja kutoka Matugga bila kuurekebisha rekebisha. Mabadiliko makubwa kuliko yote niliyasikia siku ya bushi za amu zilizokazwa vizuri, sio siku ya shokapu. Tatizo chini kukitulia unaanza kusikia mengine: beringi ya nyuma kushoto imeanza kuunguruma nikipita 60, Jumamosi narudi kwa mzee wa mwembe.